Mwizi Hana Muvi ya Kabla



Leo siandiki juu ya somo la Dominika. Naandika juu ya muvi, tena muvi ya vyombo vya angani, bastola za miale na mnyama mwenye manyoya mwili mzima. Najua wapo watakaoguna. Nivumilieni, mbele kidogo tutakutana na mwizi aliyetundikwa msalabani, na ndiye hasa ninayemtafuta.

Muvi yenyewe ni Solo: A Star Wars Story, iliyotoka Mei 2018. Kama umekua ukiangalia Star Wars, iwe kwa flashi ya kuazima au kwa kifurushi cha intaneti cha usiku, basi Han Solo unamjua. Ni yule rubani wa magendo mwenye fulana nyeusi isiyo na mikono juu ya shati, mwenye maneno mengi na madeni mengi zaidi. Aliigizwa na Harrison Ford kuanzia mwaka 1977. (Ford, kabla ya umaarufu kumfikia, alikuwa akijipatia riziki kwa useremala. Nalitaja kwa sababu seremala mwingine anakuja.) Tunakutana naye mara ya kwanza amekaa kwenye baa ya wahuni pale Mos Eisley, mgongo ukutani, anapatana bei na mzee mmoja na kijana mmoja wanaotaka usafiri. Ametoka wapi? Hatuambiwi. Chombo chake kakipataje? Hatuambiwi. Rafiki yake Chewbacca walikutana wapi? Basi tu, wapo pamoja. Miaka arobaini na moja tukaishi bila maelezo kamili, na tulikuwa salama kabisa.

Halafu ikaja muvi ya kabla. Naiita hivyo kwa sababu kazi yake ni hiyo: kurudi nyuma na kutueleza yaliyotokea kabla ya yale tunayoyajua. Utengenezaji wake ulikuwa na shida toka mwanzo. Waongozaji wawili, Phil Lord na Christopher Miller, waliondolewa kazini Juni 2017 wakati kazi ya kupiga picha imekwenda mbali, akaitwa Ron Howard kuokoa jahazi. Sehemu kubwa ikarudiwa upya. Gharama zinatajwa kuvuka dola milioni 250, na mapato ya dunia nzima yakaishia takriban milioni 390, ambayo kwa hesabu za sinema, ukitoa fungu la wenye majumba na matangazo, ni hasara. Inatajwa kuwa ya kwanza katika ukoo huo wa muvi kula hasara kwenye majumba ya sinema. Wengine walisema watu walikuwa wamechoka, maana muvi nyingine ya Star Wars ilikuwa imetoka miezi mitano tu nyuma. Inawezekana. Mimi hesabu za studio hazininyimi usingizi.

Kinachoniudhi ni kitu kingine. Hiyo muvi inaeleza kila kitu. Yaani kila kitu. Bastola yake? Alirushiwa na mwizi mzoefu aitwaye Beckett. Chewbacca? Walikutana kwenye shimo la matope, wakapigana. Chombo? Alikishinda kwa karata kutoka kwa Lando. Ile safari ya Kessel aliyojisifia mwaka 1977 kwamba aliipita kwa chini ya parseki kumi na mbili? Tunaoneshwa, na hesabu inafanyiwa ukarimu kidogo ili itoshe. Hata jina. Kijana anakimbia, anajiandikisha jeshini, ofisa anamwuliza: Han nani? Watu wako ni akina nani? Anajibu kwamba hana watu, yuko peke yake. Ofisa anafikiri kidogo, anaandika Solo. Aisee. Kwetu wapo watu ambao karani wa shule aliwakosea jina darasa la kwanza na kosa likaenda mpaka kwenye cheti cha ndoa, kwa hiyo siwezi kusema jambo hilo haliwezekani. Lakini pale kwenye kiti changu nilihisi kama mtu aliyefunguliwa zawadi yake na mwingine.

Swali lililonibakia ndilo hili, na silioni kama ni la muvi tu: ukishaeleza yote yaliyomtangulia mtu, umemweleza yeye? Na kama jibu ni ndiyo, kumebaki nini ambacho ni chake?

Turudi 1977. Han anamsaidia Luke kumtoa binti mfalme Leia kwenye ngome ya adui, lakini anafanya hivyo kwa ahadi ya pesa. Baadaye wakati waasi wanajiandaa kwa vita ambavyo huenda wote wakafa, yeye anapakia masanduku ya malipo yake. Ana deni kwa jambazi Jabba, anataka kulipa aondoke. Luke anamkasirikia. Han anaondoka kweli. Na halafu, sekunde za mwisho, Luke akiwa peke yake na adui mgongoni, Han anatokea kutoka juu, anapiga, anamwondoa Darth Vader njiani, na Luke anapata nafasi.

Kwa nini alirudi? Muvi haisemi. Hakuna tukio la Han akikaa kwenye usukani akimkumbuka mama yake. Hakuna muziki wa huzuni na picha za utotoni. Tunamwona anaondoka, tunamwona anarudi, na katikati kuna pengo. Mimi nasema pengo hilo ndilo kitu cha thamani kuliko vyote kwenye muvi nzima. Humo ndani mtu aliamua.

Sasa angalia Solo inafanya nini. Mwishoni, Han kijana ana shehena ya mafuta ya thamani kubwa mno. Angeweza kuiuza akatajirika. Badala yake anaikabidhi kwa Enfys Nest na watu wake, wanyonge wanaoanza kupigana na Dola. Na kabla ya hapo Qi'ra, msichana aliyempenda, ameshamwambia kwamba anajua yeye ni nani hasa, kwamba ni mtu mwema. Umeelewa tatizo? Kama Han alikuwa mwema toka zamani, kama alishawahi kuacha utajiri kwa ajili ya waasi miaka kadhaa nyuma, basi kurudi kwake mwaka 1977 si kugeuka. Ni tabia yake tu inajirudia. Yule mhuni aliyetushangaza anakuwa mtu aliyejificha nyuma ya uhuni, na sisi tulichelewa kujua. Kwa kutaka kumpenda zaidi, wamempokonya uongofu wake.

(Si mara ya kwanza, tena. Kwenye toleo la asili Han anampiga Greedo risasi chini ya meza, huyo Greedo akiwa bado anaongea. Mwaka 1997 George Lucas alirekebisha ili Greedo aanze kupiga kwanza. Watu wamegombana kwa hilo mpaka leo. Mimi niko upande wa Han aliyeanza. Si kwa sababu kuua ni kuzuri, bali kwa sababu ukimsafisha mtu mapema hakuna atakayeona akitakaswa.)

Hapa ndipo namwita yule mwizi.

Luka sura ya 23. Wahalifu wawili wamesulubiwa na Yesu, mmoja huku, mwingine huku. Mmoja anamtukana. Mwingine anamkemea mwenzake, anakiri kwamba wao wanastahili adhabu yao, anamwomba Yesu amkumbuke. Siku hiyohiyo anaahidiwa Paradiso. Basi. Ukisoma Mathayo na Marko inakuwa kali zaidi, maana wao wanasema waliosulubiwa pamoja naye walimtukana, kwa wingi. Wapo waalimu wa kale wa Kanisa walioziunganisha habari hizo hivi: mwanzoni wote wawili walitukana, kisha mmoja akaacha. Kama ni hivyo, mtu huyu alibadilika katikati ya saa chache akiwa amepigiliwa misumari, na Injili haituambii ni nini kilichombadilisha. Hatujui alizaliwa wapi, aliiba nini, alimwumiza nani. Hata jina Injili haitoi.

Watu hawakuvumilia. Jina walilitafuta: Dismas, linatoka katika maandishi ya baadaye yasiyo sehemu ya Biblia, na Tanzania akina Dismas wamejaa, wengine wako kwaya moja na mimi. Jina halina ubaya. Lakini wakaendelea. Katika kitabu kimoja cha kale kiitwacho Injili ya Utoto ya Kiarabu, ambacho Kanisa halikukikubali katika Maandiko, Familia Takatifu ikikimbilia Misri inapita usiku kwa wanyang'anyi wawili, Tito na Dumako. Tito anamwomba mwenzake awaache wapite, anampa drakma arobaini, na mshipi wake anaweka rehani, ili anyamaze tu. Mtoto Yesu anatabiri kwamba hao wawili watasulubiwa pamoja naye, na Tito atamtangulia Paradiso.

Ni hadithi tamu, sikatai. Ningeisikia kwa bibi jioni ningelala nimefurahi. Lakini tazama imefanya nini: ni Solo: A Star Wars Story kabisa, miaka mingi kabla ya sinema kubuniwa! Mwizi sasa ana tendo jema la zamani. Alishaweka akiba. Paradiso yake inakuwa kama mkopo uliorejeshwa: alimsaidia Mtoto, Mtoto akamkumbuka. Na wewe ambaye hujawahi kumpa mtu drakma arobaini wala mshipi, ambaye ukiangalia nyuma unaona takataka tupu, hadithi hiyo haikupi kitu. Injili ya Luka inakupa. Ile ya Luka inasema mtu asiye na chochote nyuma yake aligeuza shingo, akaomba, akapewa.

Ndiyo maana naamini Kanisa lilikuwa na akili sana lilipoacha vitabu hivyo nje. Kuna kingine kinachoitwa Injili ya Utoto ya Thoma, cha karne ya pili hivi, ambamo Yesu mwenye miaka mitano anafinyanga shomoro kumi na wawili kwa udongo siku ya Sabato, kisha wanaruka. Tena mtoto mwenzake anamgonga bega akikimbia, na anakufa palepale kwa neno lake. Ndiyo kinachotokea watu wasipovumilia ukimya. Luka alitupa tukio moja tu la utoto, la Hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, halafu kimya hadi Yesu anapokaribia miaka thelathini. Miaka karibu kumi na nane, na Roho Mtakatifu hakuona haja ya kutuonesha alipataje viatu vyake.

Na wale waliokuwa nayo hiyo miaka, waliomwona akikua, je? Nazareti walikuwa na muvi ya kabla nzima vichwani. Alipofundisha katika sinagogi wakauliza kama si yule seremala, kama hawamjui mama yake na ndugu zake. Kila kitu walichosema kilikuwa kweli! Ndicho kinachonitisha. Walijua kazi yake, mtaa wake, ukoo wake, na kwa ujuzi huo sahihi wakajizibia macho. Marko anasema pale hakufanya miujiza, isipokuwa aliwaponya wagonjwa wachache.

Sasa mtu ataniuliza, na ni haki yake: kwani sisi Wakatoliki hatusomi maisha ya watakatifu? Na mtu aliyelelewa kwenye kipigo, aliyetelekezwa, unataka tumhukumu kama vile hayo hayakuwepo? Hapana. Katekisimu namba 1735 inasema wazi kwamba lawama ya tendo inaweza kupungua, na hata kufutika, kwa sababu ya kutojua, kulazimishwa, hofu, mazoea, na mambo mengine ya kinafsi au ya kijamii. Padre mwenye hekima kitubioni analijua hilo, na ndiyo maana wakati mwingine anauliza swali moja au mawili. Yaliyopita yana uzito. Anayesema hayana uzito hajawahi kukaa na mtu aliyeumizwa.

Lakini uzito si usukani. Soma Augustino. Alipokuwa na umri wa miaka zaidi ya arobaini, askofu wa Hipo, nchi inayoitwa Algeria leo, aliandika Maungamo, na ndani yake anarudi kwenye wizi wa mapeari alioufanya na wenzake akiwa na miaka kumi na sita. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Augustino anageuza kisa hicho huku na huku, anatafuta sababu. Anaona kwamba peke yake asingeiba, kwamba wenzake walichangia. Anaona kwamba ladha yenyewe ilikuwa katika kukosea. Lakini sababu inayotosha, ya kusema sasa nimejieleza nimemaliza, haipati. Hiyo ndiyo muvi ya kabla ninayoiheshimu: mtu anarudi nyuma, anakuta giza, na anakuwa mkweli kwamba ni giza. Na kitabu kizima anamwambia Mungu, si watazamaji.

Kigangoni kwetu yupo kijana, simtaji, anaendesha bodaboda. Kwa muda mrefu tulimjua kwa mambo ya kijiweni, na kuna pesa alichukua dukani kwa shangazi yake ambazo ukoo mzima ulizisikia. Kwaresima moja alianza kuja Misa ya asubuhi. Akalipa zile pesa, kidogokidogo, hadi zikaisha. Na sasa kila Dominika anambeba bibi mmoja asiyeweza kutembea, anamleta, anamrudisha, hadai nauli.

Maelezo yalianza kabla ya Pasaka. Upande mmoja: si unajua babu yake alikuwa katekista, damu haipotei. Upande mwingine: kapata mchumba kwenye kwaya, subirini. Kuna dada alisema kwa sauti kwamba aliogopa tu baada ya ile ajali. Kila mmoja akapata muvi yake, na kila muvi ilikuwa na chembe ya ukweli, maana babu alikuwa katekista kweli na ajali ilitokea kweli. Siku moja nikamwuliza mwenyewe, tukiwa tunapanga viti baada ya mkutano wa vijana. Alikaa kimya kidogo, akaniambia hajui, aliamka tu siku moja akaona hapana. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: kwamba watu wakisema ni babu, anahisi kama zile pesa kalipa babu.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba Mungu huusukuma utashi wa mtu bila kuulazimisha, kwamba neema ikifanya kazi ndani yangu tendo linabaki langu kweli. Nimesoma hilo mara kadhaa na sijidai nimelimaliza. Lakini nilipomsikiliza yule kijana niliona kwa nini lina maana. Tukisema ni damu ya babu, tumemnyang'anya yeye tendo lake, na tumemnyang'anya Mungu pia, kwa sababu damu ya babu haihitaji neema. Tukisema ni mchumba, vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba jibu lake la "sijui" ndilo pekee lililoacha nafasi ya wote wawili, yeye na Mungu.

Tena tunajifanyia wenyewe. Nimesikiliza shuhuda nyingi kwenye semina za vijana, na zimeanza kufanana: nililelewa hivi, nikaumizwa hivi, ndiyo maana nikawa hivi, kisha Bwana. Wakati mwingine ile "ndiyo maana" inakuwa ndefu mpaka dhambi inakosa mwenyewe. Mwizi wa Luka hakusema ndiyo maana. Alisema tu, kwa maneno yake, kwamba wanapata walichostahili. Na kwa kuwa alikubali kwamba kosa lilikuwa lake, ombi nalo likawa lake.

Sijasema Solo ni takataka. Donald Glover kama Lando anapendeza kila anapotokea, na ule wizi wa treni juu ya theluji umepigwa vizuri. Alden Ehrenreich amejitahidi, alipewa kazi ambayo hakuna angeiweza: kuigiza mtu kabla hajawa mtu tunayemjua, huku kila mtazamaji akiwa na Ford kichwani. Ikiwa una saa mbili na dakika kumi na tano za Jumamosi, itazame, hutakufa. Lakini kama una mdogo wako ambaye hajawahi kuona hata moja, usimwanzishie hiyo. Mpe ya 1977. Ikifika pale Han anapakia masanduku yake na Luke anaondoka amenuna, simamisha kidogo, umwulize anadhani huyu jamaa atarudi au la. Usimwambie.